Nyayo za Sista Fidelma

Ukija Cashel kutoka upande wa Dublin, mwamba unauona kabla ya mji. Unainuka peke yake juu ya malisho ya Tipperary, mwamba wa mawe ya chokaa, na juu yake wamejenga mpaka hakuna tena pa kujenga: mnara wa duara wenye urefu wa mita 28, kanisa kuu la karne ya 13 ambalo sasa halina paa, na kikanisa cha mfalme Cormac kilichoanza kujengwa mwaka 1127 na kutabarukiwa mwaka 1134. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nilisimama ukutani nikatazama ng'ombe walivyotapakaa chini, nikajua kwamba katika yote niliyokuwa nimeyafuata, ni hao ng'ombe tu ambao Sista Fidelma angewatambua.

Fidelma ni wakili wa karne ya saba. Hakuwahi kuishi; ametungwa. Lakini baba yake katika riwaya, Failbe Flann, alikuwa mfalme wa kweli wa Munster aliyetawala kutoka mwamba huu, na kaka yake Colgú naye yumo katika orodha za wafalme. Colgú alifariki mwaka 678. Enzi zao hapakuwa na kanisa hili la mawe. Kulikuwa na ngome, kumbi za mbao, moshi na mbwa. Mwaka 1101 mfalme Muirchertach Ua Briain aliukabidhi mwamba kwa Kanisa, na kuanzia hapo ndipo majengo ya mawe yalipoanza kuota. Msomaji wa Fidelma anayepanda Cashel anapanda juu ya kitu ambacho kimefunika kile alichokifuata.

Mwandishi wake ni Peter Berresford Ellis, mwanahistoria wa watu wa Kiselti aliyezaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1943, baba yake akiwa mtu wa Cork. Riwaya hizi anaziandika kwa jina la Peter Tremayne. Ya kwanza, Absolution by Murder, ilitoka mwaka 1994, na sasa zimepita 30. Hiyo ya kwanza inaanzia Whitby, pwani ya kaskazini mwa Uingereza, mwaka 664, mwaka ambao jua lilipatwa mwezi Mei na Tauni ya Njano ikafagia visiwa vyote viwili. Maaskofu wamekusanyika mbele ya mfalme Oswiu kubishana juu ya tarehe ya Pasaka: Kanisa lifuate hesabu ya Roma au ya watawa wa Iona? Mama mkuu wa abasia ya Kildare, aliyekuja kuutetea upande wa Ireland, anakutwa amechinjwa. Sista Fidelma anapewa kazi ya kumtafuta muuaji pamoja na mtawa wa Kisaksoni, Bruda Eadulf, ili pande zote mbili ziridhike. Sinodi ni ya kweli, mfalme ni wa kweli, ugomvi wa Pasaka ni wa kweli. Mauaji ndiyo ya kubuni.

Kitabu hicho kilinifikia Arusha, enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, nilipokuwa wakili kijana nikifanya utafiti kwa upande wa utetezi. Mwenzetu mmoja kutoka Ireland alimaliza mkataba wake akaacha boksi la vitabu mlangoni mwa ofisi yetu. Mchana kutwa nilikuwa nasoma maelezo ya mashahidi ambayo siwezi kuyasimulia hapa. Usiku nilikuwa nasoma habari za mwanamke mwenye nywele nyekundu ambaye, akimpata muuaji, haulizi anyongwe wapi. Anauliza nani atawalipa waliofiwa, na kiasi gani. Sikuamini kwamba sheria ya namna hiyo iliwahi kuwepo. Nikaanza kuitafuta, na mwisho wa kuitafuta ndiyo safari hii.

Sheria yenyewe ilikuwepo. Waingereza waliiita ya Brehon, kwa jina la majaji walioihifadhi. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilikusanywa karne ya saba na ya nane, na mkusanyo mkuu unaitwa Senchas Már. Kila mtu huru alikuwa na thamani ya heshima yake, iliyopanda na kushuka kwa cheo na kwa mwenendo. Ukimtukana, ukimwibia, ukimjeruhi, unalipa kwa kipimo hicho. Ukimuua mtu huru, juu ya thamani hiyo kuna fidia ya mwili, ambayo ilikuwa sawa na ng'ombe wa maziwa 21, na ukoo wako wote unawajibika nawe. Asiyelipiwa angeweza kuuzwa utumwani au kuuawa. Kwa hiyo ndugu walihangaika kulipa. Aliyekulia Mara au Usukumani akisikia wazee wakihesabu ng'ombe baada ya mauaji hatahitaji kuelezwa zaidi.

Dublin sikukaa sana. Chuo cha Trinity kina foleni ndefu ya wageni wanaokwenda kuona Kitabu cha Kells, na kweli kinastahili. Rangi zile zimedumu miaka 1,200. Lakini hati za sheria, zilizo katika maktaba ya chuo hicho hicho, mgeni wa kawaida haonyeshwi. Ni ngozi za ndama zilizosomwa mpaka zikageuka kahawia, bila dhahabu wala picha. Mwelsh mmoja, Edward Lhuyd, alizunguka Ireland miaka ya 1699 na 1700 akinunua hati kutoka kwa watu ambao hawakuwa tena na mahali pa kuzitumia, maana sheria ya Kiingereza ilikuwa imeshaenea kila pembe. Mwaka 1786 nyingi kati ya hizo zikapewa Trinity. Zikalala. Katikati ya karne ya 19 serikali iliunda tume ya kuzitafsiri, na kazi ikawaangukia wasomi wawili, John O'Donovan na Eugene O'Curry, huyu wa pili mtoto wa mkulima wa Clare ambaye hakuwahi kusoma chuo chochote. Walinakili maelfu ya kurasa. O'Donovan alifariki mwaka 1861 na O'Curry mwaka uliofuata, na juzuu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1865. Hawakuiona. Mtu wa mahakamani anajua thamani ya karani, na mimi nilisimama barabarani mbele ya chuo nikiwafikiria hao wawili kuliko Kells.

Kildare ni mji mdogo unaopitwa na magari yaendayo mbio kwenda kusini. Katika riwaya ndiko Fidelma alikovaa shela, katika nyumba ya Mtakatifu Brigida, kabla ya kuondoka kwa kutokubaliana na mama mkuu wake. Katika historia, abasia hii ilikuwa ya wanaume na wanawake pamoja, chini ya abesi mwanamke na askofu aliyeishi kando yake. Mtawa aitwaye Cogitosus aliyeishi karne hiyo hiyo ya Fidelma aliandika jinsi kanisa lilivyogawanywa kwa kuta za mbao ndani, upande mmoja wanaume na upande wa pili wanawake, wakisali sala moja bila kuonana. Karne ya 12 mgeni mmoja aliandika kwamba masista walikuwa wakilinda moto usiozimika, zamu ya kila mmoja usiku wake, 19 kwa jumla, na usiku wa ishirini wakimwachia Brigida mwenyewe aulinde. Mahali panapodhaniwa ndipo moto ulipokuwa pameachwa wazi kando ya kanisa kuu: msingi wa mawe wa mstatili, majani, hakuna zaidi.

Moto wenyewe masista wa Brigida waliuwasha upya mwaka 1993, na unatunzwa katika kituo chao pembeni mwa mji. Nilipofika, sista mmoja mzee alikuwa anafundisha kundi la akina mama kusuka misalaba ya matete. Alinisogezea kiti bila kuniuliza ninatoka wapi, akanipa matete, akanionyesha mkunjo wa kwanza. Alipojua kwamba nimetoka Tanzania alitaja masista wa shirika jingine aliowafahamu waliofanya kazi huko miaka mingi, wakunga na walimu. Nikamuuliza kama anamfahamu Fidelma. Akasema amesoma vitabu vyote, na kwamba anavisoma Kwaresima, kwa sababu ndipo anapokosa utamu mwingine. Kisha akawa mtulivu, akasema kinachomgusa si upelelezi. Tangu utoto wake alifundishwa kwamba watakatifu wanawake wa Ireland walikuwa wapole, wakimya, wakikanda mikate. Hakuna aliyemwambia kwamba Brigida aliendesha nyumba yenye watu, ardhi na askofu. "Nilikuwa na umri wa kustaafu," alisema, "ndipo nikasoma hivyo kwenye riwaya ya mauaji." Tangu mwaka 2023 Ireland ina sikukuu ya taifa kwa jina la Brigida, mwanzoni mwa Februari. Sista alisema ilichelewa, lakini imefika.

Huko Tipperary nililala kwenye nyumba ya wafugaji, mwendo mfupi kutoka Cashel. Asubuhi waliniwekea mezani mkate wa magadi ule mzito wa ngano isiyokobolewa, ambao huumuliwa kwa magadi na mtindi badala ya hamira, siagi ya chumvi, kipande cha jibini la Cashel lenye mishipa ya buluu, jibini ambalo limekuwa likitengenezwa karibu na hapo tangu mwaka 1984, na bakuli la uji wa oti. Kando ya uji palikuwa na asali ya mizinga yao wenyewe. Wakati wa Fidelma viazi havikuwepo bado. Vilitoka Amerika karibu miaka elfu moja baadaye. Maziwa, siagi, jibini, nafaka na asali vilikuwepo, na mtu angeweza kukaa kwenye meza ile bila kushangaa sana.

Uji ule una sheria yake. Wairish wa kale walikuwa na desturi ya kupeleka watoto wakalelewe na familia nyingine tangu wakiwa wadogo, na sheria ilieleza mlezi anatakiwa ampe nini mtoto kulingana na baba yake. Mtoto wa mtu wa kawaida, uji wa oti kwa maji au mtindi na siagi iliyokwisha kukaa. Mtoto wa chifu, uji wa shayiri kwa maziwa mabichi na siagi mpya. Mtoto wa mfalme, uji wa ngano kwa maziwa mabichi na asali. Nikamweleza mama mwenye nyumba kwamba amenichanganyia matabaka, oti ya mtu wa kawaida na asali ya mfalme katika bakuli moja. Alifurahi mno, akamwita mumewe aje asikie.

Mzee yule ndiye mwenye nyuki. Alinipeleka nyuma ya ghala, mizinga imepangwa kuelekea jua, na akaanza kuniambia mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma na sikutarajia kuyasikia kwa mdomo wa mfugaji. Kwamba zamani jirani alikuwa na haki katika asali yako, kwa kuwa nyuki wako walikula maua yake. Haya yamo katika Bechbretha, hukumu za nyuki: mwenye mizinga anapewa muda wa kufuga bila deni, kisha majirani wanaozungukwa na nyuki wake wanastahili sehemu, hata ya kundi jipya likitoka mzingani. Humo humo anatajwa Congal, mfalme aliyetobolewa jicho na nyuki na kwa sababu hiyo akaondolewa kwenye ufalme wa Tara, maana mfalme mwenye dosari mwilini hakuruhusiwa kutawala. Mzee yule hakuwahi kusoma maandishi hayo. Alisema babu yake alikuwa akipeleka sega kwa majirani kila Agosti na hakuwahi kusema kwa nini. Sitadai kwamba desturi ya babu yake imetoka moja kwa moja kwenye karne ya saba. Watu wa mashambani hugawana asali popote. Ila mimi ningetoa mengi nimwone huyo babu akitembea na sega lake.

Jioni ndiyo mazungumzo yalipokuwa mazito. Mama alikuwa anatandika meza, nikawa nasimulia habari za Cáin Lánamna, sheria ya wanandoa. Inahesabu aina za muungano wa mume na mke, na kwa kila aina inaeleza mali itagawanywaje wakiachana. Walioleta mali sawasawa, mazao ya nyumba yanagawanywa mafungu matatu: fungu la ardhi, fungu la mifugo, na fungu la kazi. Kazi ina fungu lake. Sheria inashuka mpaka kwenye sufi: mke anapata moja ya sita ya sufi iliyonyolewa tu, theluthi ya iliyochambuliwa, na nusu ya nguo iliyofumwa, kwa kuwa kila hatua imeongeza jasho lake. Na mwanamke aliweza kuondoka. Mume akimpiga akamwachia kovu, akimsengenya nje, akimwacha kwa ajili ya mwingine, alichukua chake akaenda.

Mama akaacha kutandika. Alisema mama yake mzazi alikuwa mtumishi wa serikali, na siku alipoolewa ilibidi aache kazi, kwa kuwa wanawake walioolewa hawakuruhusiwa kubaki. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1973. Alisema shangazi yake alipigwa miaka mingi na hakuweza kuachana na mumewe, maana katiba ya mwaka 1937 ilikataza talaka. Nikakumbuka kwamba kura ya maoni ya kuiruhusu ilifanyika Novemba 1995 na ilipita kwa tofauti ya kura 9,114 tu nchi nzima. "Yangu ni mojawapo," alisema. "Na ya mume wangu, ingawa hakuwahi kumwambia baba yake." Mzee alikuwa ameketi pale pale akimenya viazi. Aliinua kichwa akakubali.

Hapo nilielewa kwa nini riwaya hizi zinapendwa hivi, kiasi kwamba wasomaji kutoka nchi mbalimbali wamewahi kukusanyika Cashel kwa ajili yake. Tumezoea kufundishwa kwamba sheria husonga mbele tu, ya jana mbaya na ya leo nzuri. Fidelma anakuja kukwambia kwamba babu wa babu zako walijua jambo na likaondolewa mikononi mwao, na kwamba bibi wa mwaka 660 alikuwa na mlango ambao bibi wa mwaka 1960 hakuwa nao. Habari hiyo inauma na inainua kwa pamoja.

Lakini mimi ni wakili, na siwezi kumwacha mteja wangu apite bila maswali, hata kama ninampenda. Tremayne ameipaka Ireland yake rangi ya mchana. Maandishi yenyewe yana giza lake. Kipimo kimojawapo cha thamani kiliitwa cumal, sawa na ng'ombe watatu wa maziwa, na maana ya kwanza ya neno hilo ni mjakazi. Watu walihesabu madeni yao kwa wanawake. Patrick mwenyewe, mtakatifu mlinzi wa nchi, alifika Ireland mara ya kwanza akiwa mtumwa aliyetekwa. Na kuna kifungu kinachosema waziwazi kwamba mwanamke yuko chini ya baba yake akiwa binti, chini ya mumewe akiwa mke, chini ya wanawe akiwa mjane. Ushahidi wake kwa kawaida haukupokelewa. Wasomi wengi wa sheria hizi wanaona wakili mwanamke mwenye madaraka kama ya Fidelma ni jambo la kubuni zaidi kuliko la kumbukumbu. Hata ndoa za wake wengi ziliruhusiwa, na mwanasheria mmoja wa kale, Mkristo, alizitetea kwa kuwataja wazee wa Agano la Kale, akisema si rahisi kuzilaani kuliko kuzisifu. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza nilisikia sauti za vikao vingi nilivyowahi kukaa.

Hata hivyo giza hilo halikumshinda Fidelma moyoni mwangu, na sababu ni mwanamke mwingine aliyemo katika sheria zenyewe. Hadithi inasema jaji Sencha alitoa hukumu juu ya namna mwanamke anavyodai urithi wa ardhi. Alisema afanye kama mwanaume, aingie kwenye ardhi na farasi. Hukumu ilikuwa ya uongo, na uso wake ukatoka malengelenge. Ndipo Bríg akatoa hukumu sahihi: mwanamke aingie na kondoo jike, na chombo cha kukandia unga na chekecheke, vitu vya kazi yake, na kwa hivyo adai chake. Malengelenge yakapona. Huenda Bríg hakuwahi kuishi pia. Lakini waliotunza sheria, wanaume tupu, waliona haja ya kuandika kwamba mwanaume alikosea na mwanamke akamrekebisha, na kwamba kosa lilionekana usoni. Tremayne hakulitoa wazo lake hewani. Aliokota cheche iliyokuwepo akaipulizia.

Na ardhi ile ambayo Bríg aliipigania ilikuwa na masharti ninayoyajua tangu utoto. Binti asiye na kaka angeweza kurithi ardhi ya baba yake, ila kwa uhai wake tu. Akifa inarudi kwa ukoo. Mimi ni wa Kagera. Kwetu kibanja cha ukoo kilikuwa hivyo hivyo: mwanamke alikula matunda yake lakini hakuweza kukiuza. Mmoja wao, Holaria Pastory, alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akamfikisha mahakamani. Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua mwaka 1990 kwamba katiba hairuhusu ubaguzi huo na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Miaka michache kabla, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Fungu la kazi! Wairish walilihesabu miaka 1,300 iliyopita, wakalipoteza. Sisi tulilipata juzi. Nilipomsimulia mama mwenye nyumba habari za Bi Hawa, aliniomba niandike jina lake kwenye ukingo wa gazeti, na akakikata kipande hicho akakiweka kwenye droo ya vijiko.

Kerry nilipita. Nilitaka kuona Skellig Michael, kisiwa cha mwamba kilichoko baharini kama kilomita 12 kutoka pwani, kwa kuwa huko angalau mawe ya zama zile yamesimama: vijumba vya watawa vilivyojengwa bila chokaa, mfano wa mizinga, na ngazi zaidi ya 600 zilizochongwa mwambani. Bahari ilikataa, mashua hazikutoka, na mvuvi mmoja Portmagee akanipa mchuzi wa samaki badala yake, akinionyesha kwa kidole mahali ambapo kisiwa kingeonekana ukungu ukiondoka. Alinisimulia habari za abasi Étgal, aliyechukuliwa na maharamia wa kaskazini mwaka 824 akafa njaa mikononi mwao, kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba wa jirani.

Kisha nikarudi kaskazini mwa Tipperary, kwenye ngome ya Redwood karibu na mto Shannon, kwa ajili ya ukoo wa Mac Aodhagáin, ambao Waingereza waliwaita MacEgan. Hawa walikuwa wanasheria baba kwa mwana kwa karne nyingi. Walirithishana hati, wakanakili, wakafundisha. Redwood ilijengwa na Wanormani kuanzia karibu mwaka 1210, na baadaye ikawa nyumba na shule yao ya sheria. Ilibomoka, na miaka ya 1970 mwanasheria mmoja wa ukoo huo huo aliinunua na kuikarabati. Ndani kuna meko, ngazi nyembamba za kuzunguka, na chumba cha juu ambamo hufikiriwa kuwa vijana walikaa wakikariri.

Mmojawapo wa ukoo huo, Aodh, alikuwa na miaka 20 usiku wa Krismasi mwaka 1350. Tauni Kuu ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili nchini. Alikuwa na hati ya Senchas Már mbele yake, na pembezoni mwa ukurasa akaandika jina lake, umri wake, na kumwomba Mungu amvushe yeye na rafiki zake. Mwaka uliofuata, usiku ule ule, akaurudia ukurasa na kuongeza mstari wa kusema kwamba bado yu hai. Ukurasa huo ni miongoni mwa zile ngozi zilizoko Trinity. Bila kijana huyo na wenzake, O'Curry asingekuwa na cha kunakili wala Tremayne cha kutungia.

Aliyenitembeza Redwood alikuwa msichana anayesomea sheria, akifanya kazi ya msimu. Alinieleza habari za Aodh mkono wake ukiwa kwenye jiwe la dirisha, kisha akaniuliza kuhusu Kagera, maana nilikuwa nimemtajia Pastory tulipokuwa tukipanda ngazi. Alitaka namba ya shauri. Alitaka kujua kama jaji alitumia mikataba ya kimataifa, nikamwambia ndiyo, na katiba. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi mzuri huuliza: baada ya mwaka 1990, je, jambo likawa limekwisha? Nikamwambia ukweli. Vikao vya ukoo bado vinaketi, wajane bado wanaambiwa wafungashe, wengi hawajui kwamba hukumu ile ipo. Nikamwambia pia kwamba kesi ya mjane mmoja wa Muleba ilikuwa imepangwa kusikilizwa mara nitakaporudi, shemeji zake wawili wakiwa wadaiwa, na kwamba hoja yangu ya kwanza ni Pastory. Akatoa daftari akaniomba nimweleze hoja ya pili.